Mshindani si adui: funzo la mabondia kwa darasa la Kiswahili

Miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi zinazofundishwa katika shule zetu za upili, mmoja hupendwa na wanafunzi kuliko mingine. Ni utanzu wa majigambo, ambao pia huitwa vivugo. Mwanafunzi husimama mbele ya wenzake, hujipiga kifua, hujisifu kwa chuku na vichekesho, darasa hucheka, kengele hulia, na mwalimu huondoka akiwa ameridhika kwamba somo limeeleweka. Ni utanzu mwepesi kuufundisha. Kwa maoni yangu ni mgumu sana kuufundisha vyema, na nitaeleza kwa nini.

Si siku nyingi zilizopita nilialikwa na mwalimu mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu chuoni, nikazungumze na chama cha Kiswahili cha shule moja ya upili katika eneo la Mugutha, kati ya Ruiru na Thika. Wanafunzi walikuwa wameandaa shindano la majigambo. Wavulana wawili walijitokeza wakiwa wamejifunga sweta mikononi mithili ya glavu. Mmoja alijiita Hassan Mwakinyo na mwingine akajiita Twaha Kiduku, wale mabondia wa Tanzania. Mimi niliketishwa mbele na kupewa karatasi ya kutolea alama.

Walianza vizuri mno. Wa kwanza alisema kwamba akirusha ngumi Ruiru, mabati hupeperuka Thika. Wa pili akamjibu kwamba mabati hayo ndiyo aliyoyaezekea banda la kuku wa nyanya yake, na kuku hawajashtuka hata mmoja. Darasa likavuma kwa kicheko. Kisha yule wa kwanza, alipoona anazidiwa, akabadilisha shabaha. Akasema kwamba mpinzani wake hawezi kuwa bingwa kwa sababu mama yake huchoma mahindi kituoni, na yeye mwenyewe huja darasani akinuka moshi. Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Yule wa pili hakujibu. Alifungua sweta zake taratibu, akarudi kwenye dawati lake, akaketi.

Nami niliyealikwa kuwa mwamuzi nilifanya nini? Niliitazama karatasi yangu. Nilimpa yule mshindi alama nane kwa kumi. Baada ya kikao nilimwita kando nikamuuliza kama maneno yale kuhusu mama wa mwenzake yalikuwa ya lazima. Alinijibu kwa adabu, bila kiburi chochote: "Mwalimu, hata mabondia wa kweli husema hivyo. Ni mchezo tu." Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Tuanze na hao mabondia wa kweli aliowataja. Sisi Wakenya husema ndondi. Ndugu zetu wa Tanzania husema ngumi au masumbwi. Wanalo pia neno linalotufaa sana hapa, nalo ni tambo. Bondia anapojinadi mbele ya waandishi wa habari kabla ya pambano, magazeti ya Dar es Salaam huandika kwamba anatoa tambo. Neno hili linatokana na kutamba, yaani kujiona na kujionyesha kuwa bora. Kwa mtaalamu wa fasihi simulizi, tambo ni majigambo yaliyohama kutoka uwanja wa mbuga na mifugo yakaingia katika uwanja wa taa na kamera.

Hassan Mwakinyo ni mzaliwa wa Tanga. Jina lake lilivuma Septemba 2018, alipokwenda Birmingham, Uingereza, na kumshinda mwenyeji Sam Eggington katika raundi ya pili tu, jambo ambalo wachache sana walilitazamia. Wakenya nao walimwona kwa macho yao Machi 2019, alipomshinda Sergio Gonzalez wa Argentina katika jumba la KICC hapa Nairobi. Twaha Kiduku ni wa Morogoro, na jina lake la ulingoni ni neno ambalo kila kijana wa mtaani analijua, kwani kiduku ni mtindo wa kunyoa nywele. Umaarufu wake ulikua hasa baada ya kumshinda Dulla Mbabe katika mapambano yaliyozungumzwa sana ya mwaka 2020 na 2021. Tanzania ikajikuta ina mabingwa wawili, kila mmoja na mji wake na mashabiki wake, na swali moja likawa linaulizwa vijiweni: nani zaidi?

Swali hilo lilijibiwa kwa tambo, na tambo zilijibiwa kwa tambo. Mashabiki wa Tanga walikuwa na lao na wa Morogoro wakawa na lao. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Hata ulipokwisha mwaka 2023, miaka mitano baada ya usiku ule wa Birmingham, kengele ilikuwa haijalia hata mara moja kati ya wawili hao. Simlaumu yeyote kati yao. Pambano la kulipwa haliandaliwi kwa hasira za mabondia peke yake. Pana mapromota, pana haki za televisheni, pana malipo, pana suala la uzani. Tena mtu mwenye jina kubwa ana mengi ya kupoteza kwa usiku mmoja. Hata hivyo, kwa anayechunguza lugha, jambo hili lina funzo. Hapa tunao upinzani mrefu, wenye maneno mengi, usio na raundi hata moja.

Turudi sasa kwenye asili ya utanzu. Neno kivugo lina ndugu zake katika lugha za eneo la Maziwa Makuu. Wanyankole wa magharibi mwa Uganda wanalo neno ekyevugo, nalo hutaja ushairi wa kujisifu ambao Wahima walikuwa wakiughani kuhusu vita na misafara ya kuteka ng'ombe. Mwenye kughani alijipa majina ya kishujaa, akataja mahali na wenzake waliokuwapo. Zingatia jambo hilo. Alisema mbele ya watu waliojua alikokwenda na alichokifanya. Chuku iliruhusiwa, kwa kuwa chuku ni chumvi ya sanaa. Lakini chini ya chuku ilitakiwa pawe na kitu. Majigambo yalikuwa namna ya kiapo. Aliyejigamba aliweka rehani mwili wake na jina lake, na jamii ilikuwa shahidi wa rehani hiyo.

Ndiyo maana Kiswahili, kwa busara yake, kinatofautisha maneno ambayo vijana wetu huyachanganya. Adui ni mtu unayetaka aangamie. Hasimu ni mtu mliyegombana naye. Lakini mshindani ni mtu wa aina nyingine kabisa. Walimu wa sarufi na wawaulize wanafunzi wao: neno kushindana limeundwaje? Lina mzizi -shind-, na kiambishi -an-, ambacho ni cha kauli ya kutendana. Ni kiambishi kilekile tunachokiona katika pigana, tambiana, heshimiana na sameheana. Mtu anaweza kushinda peke yake. Hawezi kushindana peke yake. Kauli ya kutendana inadai watu wawili ambao kila mmoja ni mtendaji na kila mmoja ni mtendwa. Mshindani wako ni mtu unayemhitaji ili kitenzi chako kikamilike. Ukimwondoa, sarufi inavunjika.

Kwa kipimo hiki, hao wawili wa Tanga na Morogoro walitambiana bila kupigana. Kitenzi kimoja kilipata kauli yake, cha pili kikabaki deni. Mashabiki waliosikia ahadi kwa miaka mitano bila ya kuona pambano wana haki ya kuuliza iko wapi rehani ya maneno yale.

Walio karibu nasi zaidi wametuonyesha upande wa pili. Bondia wetu Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa dunia wa Baraza la Ndondi Duniani, WBC, katika uzani wa super-bantam mwaka 2016, alipomshinda Alicia Ashley huko Marekani. Desemba 2017 alikutana hapa Nairobi na Catherine Phiri wa Zambia, ambaye naye alikuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia. Zarika alishinda kwa uamuzi uliogawanyika, yaani majaji hawakukubaliana wote. Phiri hakuridhika, na Machi 2019 wawili hao wakarudiana hapahapa mjini, Zarika akashinda tena. Septemba 2018, katikati ya mapambano hayo mawili, alikuwa amemshinda Yamileth Mercado wa Mexico, vilevile kwa uamuzi uliogawanyika. Mercado naye aliomba marudio, akayapata kwao Novemba 2019, na safari hiyo mkanda ukabaki Mexico. Kila aliyesema "mimi ndimi bora" alipewa usiku wa kulithibitisha neno lake, na aliyeshindwa alipewa usiku wa pili. Huko ndiko kushindana kwa maana kamili ya kauli hiyo.

Hata hivyo, yule mwanafunzi wa Mugutha hakuwa na kosa la kutopigana. Kosa lake, kama ni lake peke yake, lilikuwa jingine. Ili kulielewa yatupasa tuvuke bahari na kuutazama upinzani mkubwa kuliko wote katika historia ya ndondi, ule wa Muhammad Ali na Joe Frazier.

Wote wawili walikuwa Wamarekani weusi, wote mabingwa wa Olimpiki: Ali huko Roma mwaka 1960, Frazier huko Tokyo mwaka 1964. Ali alikuwa mwana wa Louisville na alijaliwa ulimi usio na mfano. Frazier alikuwa mtoto wa mkulima maskini wa South Carolina, akahamia Philadelphia na kufanya kazi katika machinjio ya ng'ombe. Mwaka 1967 Ali alipokataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, alinyang'anywa ubingwa na leseni, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana. Katika siku hizo za dhiki, Frazier alikuwa mmoja wa waliomsaidia kwa fedha na waliounga mkono arejeshewe leseni. Jambo hili halina budi kukumbukwa.

Walikutana kwa mara ya kwanza tarehe 8 Machi 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kila mmoja alilipwa dola milioni 2.5, kiasi kilichowashangaza watu wa enzi hiyo. Wote wawili walikuwa hawajawahi kushindwa katika ngumi za kulipwa. Frazier alimwangusha Ali katika raundi ya 15 na kushinda kwa pointi. Walirudiana Januari 1974, na Ali akashinda kwa pointi baada ya raundi 12. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 1 Oktoba 1975 karibu na Manila, Ufilipino, katika joto lisilosemeka. Baada ya raundi 14 jicho moja la Frazier lilikuwa limefumba kabisa na la pili likikaribia kufumba, na mwalimu wake, Eddie Futch, akakataa kumwachia aendelee. Ali alishinda, lakini alikuwa hoi kiasi cha kushindwa kusimama kwa raha. Jumla ni raundi 41. Hakuna awezaye kusema kwamba wawili hawa hawakulipa deni la maneno yao kwa miili yao.

Hata hivyo, lilibaki deni lisilolipika. Kabla ya mapambano hayo Ali alimwita Frazier Mjomba Tom, yaani mtu mweusi aliye kibaraka wa Wazungu. Alisema kwamba ni mjinga na ni mbaya wa sura. Kabla ya Manila alimwita sokwe, akawa anatembea na kisanamu kidogo cha sokwe mfukoni, akikipigapiga mbele ya waandishi wa habari. Waandishi walicheka. Dunia ilicheka. Watoto wa Frazier walikuwa wanafunzi wakati huo, nao walidhihakiwa na wenzao kwa sababu ya maneno hayo. Naomba walimu waisome sentensi hiyo mara mbili. Tambo zilizotolewa mbele ya kamera ziliishia kwenye uwanja wa shule.

Frazier naye hakukosa silaha. Kwa miaka mingi aliendelea kumwita mpinzani wake Clay, jina ambalo Ali alikuwa ameliacha mwaka 1964 alipojitangaza Mwislamu. Kukataa kumwita mtu kwa jina alilolichagua ni namna ya kumwambia kwamba hukubali awe alivyo. Wale mabondia wawili, mmoja kwa kumvua mwenzake utu na mwingine kwa kumnyima jina, walikuwa wametoka nje ya ulingo wa majigambo bila kujua.

Matokeo yalikuwa nini? Mapigo ya Manila yalipona kwa kadiri ya mapigo kupona. Maneno hayakupona. Mwaka 1996, dunia nzima ilipolia machozi kumwona Ali, mikono ikitetemeka kwa maradhi, akiwasha mwenge wa Olimpiki ya Atlanta, Frazier alitoa maneno machungu dhidi yake hadharani. Ilikuwa imepita miaka 21 tangu Manila. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi kupitia gazeti la New York Times, akikiri kwamba alisema mengi yasiyofaa. Lakini radhi iliyopitia gazetini ni radhi ya kauli ya kutenda, haijafika katika kauli ya kutendana. Frazier alifariki dunia Novemba 2011, na Ali, mgonjwa na dhaifu, alihudhuria mazishi yake huko Philadelphia. Yeye mwenyewe aliaga dunia Juni 2016.

Wahenga walisema kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Wahenga haohao, wakiwa wameishi muda mrefu zaidi, walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa kesi hii ya Ali na Frazier, mimi nauunga mkono usemi wa pili.

Najua nitapingwa. Watasema kwamba yalikuwa maneno ya biashara, ya kuuza tiketi, na kwamba bila ya ulimi wa Ali mabondia wasingelipata mamilioni. Ni kweli kwamba ulimi ule uliuza tiketi. Lakini tusichanganye aina mbili za maneno yaliyotoka katika kinywa kimoja. Mwaka 1962, akiwa bado kijana, Ali alitangaza kwamba angemwangusha mkongwe Archie Moore katika raundi ya nne. Novemba mwaka huo alimwangusha katika raundi ya nne. Hayo ndiyo majigambo ya kweli na hata Wahima wa zamani wangeyatambua. Mtu anajitaja yeye mwenyewe, anataja kazi atakayoifanya, anaitaja na saa yake, kisha anajiweka mahali ambapo akishindwa ataaibika peke yake. Tiketi ziliuzwa vilevile. Kisanamu cha sokwe hakikuwa cha lazima wakati ule, na moshi wa mahindi haukuwa wa lazima Mugutha.

Jambo jingine ambalo vijana hawalioni ni nafasi ya watazamaji. Oktoba 1974, Ali alipopigana na George Foreman huko Kinshasa, umati ulikuwa ukiimba kwa Kilingala "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Waliopiga kelele hizo walirudi makwao salama. Umati daima hurudi salama. Ni mabondia wawili tu wanaobaki na gharama, na gharama hiyo si ndogo. Mkenya Robert Wangila, aliyetupatia nishani ya dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha ya pambano. Ali mwenyewe aligunduliwa kuwa na maradhi ya Parkinson mwaka 1984. Bondia anajua kwamba mtu wa pekee duniani anayeielewa hofu yake usiku ule ni yule aliyesimama kwenye pembe ya pili. Hiyo ndiyo sababu mabondia wengi hukumbatiana kengele ya mwisho inapolia. Umati haupaswi kuwafundisha kuchukiana.

Darasani, umati ni wanafunzi arobaini au hamsini, na mwamuzi ni mwalimu. Kicheko cha darasa ndicho kilichomfundisha yule kijana kwamba amepata shabaha nzuri. Alama nane nilizompa ndizo zilizomthibitishia. Nakiri kosa langu, na ninapendekeza vipimo vitatu ambavyo mwalimu anaweza kuvitumia anapofundisha na kusahihisha majigambo.

Kipimo cha kwanza ni cha nafsi. Majigambo ni utungo wa nafsi ya kwanza. Mwenye kujigamba hujisifu yeye. Mpinzani anaweza kuguswa, anaweza hata kutaniwa, lakini kiini cha utungo ni "mimi". Pindi utungo unapohamia kabisa kwenye "wewe" na "mama yako", umekuwa utanzu mwingine, na utanzu huo haumo katika silabasi.

Kipimo cha pili ni cha thibitisho. Je, anayejigamba anataja jambo analoweza kulitenda au alilolitenda? Mwanafunzi anayejigamba kwamba hesabu za jumatatu zitamkimbia, au kwamba akishika jembe shamba la shule humalizika kabla ya adhuhuri, anajifunga mwenyewe kwa neno lake. Mwalimu amwache atie chuku apendavyo, kisha Jumatatu amkumbushe.

Kipimo cha tatu, nacho ndicho kikubwa, ni cha jibu. Je, mpinzani ana nafasi ya kujibu? Ukimwambia mwenzako kwamba utamshinda mbio, anaweza kukujibu kwa miguu yake. Ukimwambia kwamba ngumi yako hupeperusha mabati, anaweza kukujibu, kama alivyojibu yule kijana, kwamba mabati hayo yameezeka banda la kuku. Lakini ukimcheka kwa umaskini wa mamaye, atakujibu nini? Ukimcheka kwa lafudhi aliyozaliwa nayo, atakujibu kwa kitenzi gani? Maneno yasiyo na jibu huua kauli ya kutendana.

Nimetaja lafudhi kwa makusudi. Eneo hili la Ruiru, Mugutha, Juja na Thika si kijiji cha ukoo mmoja. Watu wamekuja hapa kutoka kila pembe ya nchi, wakifuata viwanda, mashamba ya kahawa, vyuo na nyumba za kupanga. Katika dawati moja huketi mtoto wa Mkamba na wa Mluhya, wa Mjaluo na wa Mkikuyu. Mchezo wa kuiga matamshi ya kabila la mwenzako ndio mchezo rahisi kuliko yote, na hucheshesha sana. Nchi hii ilikwisha kujionea, mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, mahali ambapo maneno ya namna hiyo huweza kuifikisha. Baadaye tuliunda tume ya kitaifa ya uwiano na utangamano, na moja ya kazi zake ni kukabiliana na matamshi ya chuki. Lakini tume haiwezi kuketi katika kila darasa. Mwalimu wa Kiswahili yumo humo tayari.

Sisemi kwamba tuondoe majigambo shuleni, wala kwamba tuyafanye ya upole kama hotuba ya shukrani. La hasha! Kijana asiyejua kujisifu kwa ufasaha atasifiwa na nani? Lugha yetu ina nguvu za kutosha kumfanya mtu aungurume bila kumng'ata mwenzake. Ninachosema ni kwamba tufundishe utanzu huu pamoja na sheria zake, kama vile mwalimu wa ndondi anavyofundisha kwamba kuna mahali pa kupiga na mahali pasipopigwa. Bondia anayepiga chini ya mkanda hukatwa pointi, hata kama umati umeshangilia.

Nimemwandikia yule mwalimu wa Mugutha kumwomba shindano lile lirudiwe, kwani hata Phiri na Mercado walipewa marudio. Nimemwomba wavulana walewale wawili wasimame tena, wajifunge sweta zao, na safari hii yule aliyerudi kwenye dawati lake aanze yeye. Nimemwomba pia, ikiwezekana, kabla ya kengele kulia, yule wa kwanza amwombe mwenzake radhi yeye kwa yeye, macho kwa macho, bila ya kupitia kwangu wala kupitia gazetini. Karatasi ya alama nitaiacha nyumbani.